Mikanda Niliyomfunga Baba

Nyakunguru,
Tarime.
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Erasto,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua cha vumbi ulichokilalamikia mwezi wa tano kimekuachia. Dorka anaendeleaje? Watoto wameshazoea chakula cha Ghana, au bado wanadai ugali wa mtama? Niambie pia kama bado unaendesha lile lori la mgodini lililo kubwa kuliko nyumba ya Baba. Nilipomsimulia, aliuliza linakula majani gani.

Mimi sijambo. Goti la kushoto huuma asubuhi, likishapata jua linaniacha. Mvua bado. Mahindi tumevuna, si mengi. Barua hii anakuletea mwenzako wa kazini Ogada, anayemaliza likizo na kuondoka Jumatano. Dada yake, nesi Beryl, ndiye atakayempelekea mkononi. Huyo Beryl utamsoma zaidi hapa chini.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu zetu zimekuwa fupi. Tarehe 7 mwezi huu ulinitumia maneno mawili: "Mfungue Baba." Nilikupigia mara tatu siku ile na mara mbili kesho yake. Hukupokea, nikaacha. Najua aliyekuambia, na nadhani alikuambia anachokijua. Ni kweli, Erasto, nilimfunga Baba. Sasa nakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo. Nilichokiona kwa macho nitakisema hivyo, na nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Ulipokuja likizo mwaka juzi Baba alikuwa anasahau majina tu. Siku hizi anasahau miaka. Alasiri, kama saa kumi, wachimbaji wadogo hulipua baruti mashimoni, na vikombe hutikisika kabatini. Baba akisikia mlio ule hudhani ni bunduki za wezi wa mifugo, huinuka na kwenda zizini kuokoa ng'ombe. Zizi halina kitu tangu mwaka ulipokwenda chuo cha mitambo. Wewe unajua wale wa mwisho walilipia nini. Yeye hajui tena.

Alhamisi tarehe 3 Julai alifika mpaka langoni. Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo na sauti moja, si ya kupiga kelele, kama mtu aliyekosewa adabu. Nilimkuta amekaa chini, mguu wa kulia umeelekea upande usio wake. Ulivunjika mfupa wa paja. Mwanza walimfanyia upasuaji tarehe 8, wakaweka chuma. Hayo nilikuambia kwa simu, na ulituma ulichoweza, na nilishukuru.

Ambalo sikukuambia ni maneno ya daktari siku ya kutoka. Alisema wiki nane Baba asikanyage mguu ule hata mara moja. Akikanyaga mapema chuma kinaweza kupinda au kung'oka, na kwa umri wake na moyo wake, hatamrudisha kwenye meza ya upasuaji mara ya pili. Nilimuuliza ana maana gani, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza. Alisema, "Nina maana kwamba hatatembea tena, mama, na wazee wasiotembea hawakai sana." Wiki nane zinaisha Jumanne tarehe 2 Septemba. Ndiyo tarehe atakayopigwa picha ya mfupa.

Kwa hiyo tulirudi nyumbani na mtu ambaye hakumbuki kwamba amevunjika. Ukimwambia, anasikitika, anaupapasa mguu, anakuuliza nani kamvunja. Dakika kumi baadaye anatupa blanketi na kutafuta fimbo. Tena alikuwa anafumua bendeji. Mara mbili nilikuta amefika kwenye nyuzi za kidonda, vidole vina damu.

Tarehe 22 Julai redio ilinituma Robanda. Tembo walikuwa wametoka hifadhini wamelala katika mashamba ya mtama siku tatu, na watu walikuwa wamekaa barabarani kutaka majibu. Nilimwacha Baba mikononi mwa mtoto wa baba mdogo, Kisyeri. Unamjua Kisyeri, hana hila hata kidogo na ng'ombe humfuata kama wamelipwa. Nililala huko siku moja nikarudi.

Nilimkuta Baba amefungwa mkono wa kulia kitandani kwa kamba ya katani, fundo lile la kuzuia dume. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, vidole vya rangi ya zambarau. Kisyeri alikuwa ameketi pembeni yake anamsimulia habari za mnadani, ameridhika na kazi yake.

Nilimwambia, "Kisyeri, umefunga nini hapa?"

"Dada, alitaka kutoka. Nimemfunga vizuri, hawezi kujiumiza."

"Mkono umekufa ganzi."

"Anavutana, ndiyo maana. Hili fundo ukivutana nalo linakaza. Dume likishajua, linatulia."

"Na huyu alijua?"

Akautazama mkono ule. "Dume huwa halisahau," akasema, na nikaona uso wake ukibadilika wakati anayasema. Hakubisha tena. Ilibidi tukate kamba kwa kisu cha jikoni. Kovu lipo, linazunguka kifundo cha mkono, na utaliona ukija. Si la mikanda yangu. Nalitaja kwa sababu nasikia linasimuliwa kama langu.

Hapo ndipo alipoingia Beryl. Ni nesi wa kituo cha afya, Mjaluo wa upande wa Shirati, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Alikuja kuusafisha mkono, akauliza kamba imetoka wapi, akamtazama Kisyeri, na Kisyeri akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Beryl ndiye aliyeniambia kwamba hospitalini kuna mikanda ya kazi hiyo, laini, yenye sponji ndani, na kwamba nikitaka kuitumia lazima nimsikilize mpaka mwisho. Siku mbili baadaye alimpigia yule daktari wa Mwanza mbele yangu, akapata ruhusa yake, akaiandika katika faili.

Mwanza ni mbali kwa kitu kama hicho, na Tarime mjini sikuipata. Maduka mawili yalinionyesha mikanda ya mizigo. Niliipata Sirari, katika duka la vifaa tiba la mama mmoja kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka, Kenya. Aliweka kilemba sawa, akaniuliza, "Ni ya mgonjwa ama ni ya mwizi?"

"Ni ya mzee. Amevunjika mguu, na anasahau."

"Pole. Basi chukua hii, iko na kufuli. Hata awe Samsoni hatoki."

"Na nyumba ikishika moto, nianze kutafuta ufunguo?"

Akacheka. "Mama, wewe umekuja kununua mikanda ama kuchoma nyumba?" Lakini aliirudisha ile ya kufuli, akatoa nyingine ya kitambaa kinene, sehemu ya mkono inashikana yenyewe kama viatu vya watoto, na ncha mbili ndefu za kufungia kitandani. Aliijaribu kwanza mkononi mwake mwenyewe, akavuta, akaniambia niingize vidole. Nilinunua jozi moja. Njiani niliiweka ndani kabisa ya mkoba, chini ya kinasa sauti, kama kitu nilichokiiba.

Beryl alinifundisha jioni ile kwa kunifunga mimi. Alinilaza kwenye mkeka, akanifunga mikono yote miwili, akaenda kunywa chai. Dakika kumi na tano, nilizihesabu. Pua iliniwasha dakika ya pili. Alivyorudi aliniuliza nimejifunza nini, nikamwambia pua. Akasema hiyo inatosha kwa kuanzia.

Masharti yake niliyaandika. Mkanda ufungwe kwenye fremu ya kitanda, kwa fundo linalofunguka ukivuta mara moja. Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi. Kila nusu saa nitazame vidole vya Baba kama vina joto. Saa mbili zisipite kabla ya kumfungua, kumnywesha na kumgeuza. Kabla ya yote nijiulize kama ana haja ndogo, ana njaa, anaumwa au anaogopa, kwa sababu mara nyingi mtu anayeinuka ana sababu. La mwisho alilisema mara mbili: "Dada Mokami, aliyefungwa haachwi peke yake. Ukimfunga yeye, umejifunga na wewe hapo kando yake. Huendi popote."

Nikasema nimeelewa.

Sasa kuna jambo ambalo Beryl hakulijua, na wewe unalijua. Nani amtie Baba mikanda? Mimi ni mtoto wake. Kumshika baba mwili, kumlazimisha mkono, hilo mtoto halifanyi, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Shangazi Tabitha alikuja kwa ajili hiyo tu. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akasema kama wanaume wameisha katika boma hili, basi tuseme wazi. Nilimwambia wewe uko Ghana. Akasema Ghana si ahera.

Ni yeye aliyetoa njia, na namshukuru kwa hilo. Alisema mtu pekee anayeweza kumshika Baba bila kumvunjia heshima ni mtu wa rika lake, aliyeingia naye jandoni mwaka mmoja. Wenzi hao hutukanana, huchezeana, hunyang'anyana chakula, na hakuna kinachoharibika. Tulianza kuwataja. Wa mlima huu tuliwataja kumi na wanane, na Shangazi alisema "amekufa" mara kumi na saba. Akabaki Sadock.

Mzee Sadock alianza tarehe 26 Julai. Alikuja saa tatu asubuhi kila siku akiwa na kofia yake ya manyoya na redio isiyo na betri. Siku ya kwanza nilisimama nje ya dirisha nikasikiliza, kwa sababu niliogopa.

"Nyangwine, leta mkono."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuona ukilia siku ya kisu."

"Mwongo. Aliyelia ni wewe. Mama yako alijificha kwenye mtama kwa aibu."

"Basi leta mkono, mura, tuone nani atatikisika."

Akaleta. Niliona mwenyewe. Baba aliunyoosha mkono kwa dharau, kama mtu anayemwonyesha mwenzake msuli, na Sadock akamvika mkanda huku akimwambia mkono wenyewe umekonda kama wa mwizi wa kuku. Wakacheka wote wawili. Sadock hakuwa na habari na vidole viwili wala nusu saa, hayo nilikuwa nayafanya mimi nikijifanya nakunjua shuka. Mara moja nilimkuta amemfungua Baba na kujivika mkanda yeye, ili wabadilishane. Lakini alikaa. Kutwa nzima alikaa, wakigombana juu ya ndama aliyepotea kabla mimi sijazaliwa. Nilipika, nilifua, nilichota maji, nilituma habari tatu redioni kwa simu nikiwa uani. Baruti zikilia saa kumi, Sadock alimwambia, "Kaa, zamu ya leo ni yangu," na Baba alikaa.

Zilikuwa siku kumi. Tarehe 4 Agosti binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Busawe, kwa sababu macho yamekwisha na hapa alikuwa anapika mwenyewe. Hakuaga. Nadhani hakujua namna ya kuaga. Alimwachia Baba redio.

Tarehe 5 Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nilimfunga Baba kwa mikono yangu. Nakunukulia daftari lilivyoandikwa:

"3:20 mikono yote miwili. Vidole viwili vinapita. Amekataa kwanza, akasema, mtoto wa nani huyu asiye na adabu. 3:50 vidole vina joto. 4:20 vina joto, analala. 4:50 vina joto. 5:10 nimefungua. Uji kikombe nusu. Haja ndogo. Hataki kunitazama."

Kesho yake Shangazi Tabitha alikuja na mahindi ya kuchoma, akaingia bila kubisha, akakuta hali hiyo. Aliyaweka mahindi chini akatoka. Wewe ulipata habari tarehe 7. Tangu tarehe 6 mpaka leo ninapoandika ni siku kumi na nane, na aliyepita lango hili ni Beryl tu. Kisyeri huleta maziwa alfajiri, huyaacha juu ya nguzo ya lango, na nikitoka namwona mgongo. Waumini walikuwa waje kusali Jumapili iliyopita. Nilipanga viti sita, nikavirudisha ndani saa saba.

Silalamiki. Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na saba, nimewahi kuketi na watu wasiotaka kuniona. Tofauti ni kwamba hao nilikuwa nawaandika kisha naondoka. Tangu mume wangu afariki nilijizoeza kula peke yangu, na nilidhani nimehitimu. Kumbe kula peke yako ukiwa na mtu chumbani asiyekujua ni somo jingine. Kuna siku nilijikuta nasoma taarifa ya habari kwa sauti jikoni, yenye utabiri wa hali ya hewa mpaka mwisho, ili tu pawe na sauti inayomaliza sentensi.

Sasa nafika pabaya, na hili hawajakuambia kwa sababu hawalijui.

Jumanne tarehe 12, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu kwamba shimo limetitia kule kwa wachimbaji, dakika kumi kwa pikipiki, na kuna mtu chini. Baba alikuwa amefungwa tangu saa tatu na nusu, amelala. Nilimpigia Beryl, alikuwa kliniki ya watoto. Nilisimama mlangoni. Nilijiambia dakika arobaini. Nilienda.

Nilikaa huko kwa muda wa saa tatu na dakika kumi. Walikuwa wanachimba kwa mikono na ndoo, na kila walipokaribia, udongo ulirudi. Sikuweza kuondoka kabla sijajua. Ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa kweli, na haibadilishi kitu. Walimtoa mzima. Anaitwa Mogesi, ana mbavu mbili zilizovunjika. Nilituma habari, ilisomwa saa saba, na mhariri alinipongeza.

Nilifika nyumbani saa saba na nusu. Baba alikuwa macho. Alikuwa amejikojolea, shuka imepoa. Midomo imekauka. Nilitazama mikono kwanza, kwa sababu nilitarajia damu. Hapakuwa na damu wala mchubuko. Vidole viwili vilipita bila shida. Hakuwa amevutana hata kidogo. Mikono ilikuwa imelala sambamba, viganja juu, kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu. Nilimfungua, nikamwosha, nikamnywesha vikombe vitatu vya maji mfululizo. Daftarini niliandika saa zote kama zilivyo. Beryl amelisoma ukurasa ule, akafunga daftari, na mimi nikatamani anitukane.

Kesho yake asubuhi nilimpa uji, nikambadilisha nguo, nikageuka kuchukua mikanda pale dirishani. Nilipomrudia Baba alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili. Hakuwa anamwonyesha mtu msuli. Alikuwa ameangalia ukutani na kuinua mikono, ameiweka pamoja, tayari, ili nisipate taabu.

Erasto, Baba huyu aliwahi kukaa siku mbili rumande kwa kukataa kumsalimia askari aliyemwita kijana.

Sikumfunga. Nilikunja mikanda, na siku hiyo hiyo nilimpa Beryl aipeleke kituoni. Alisema itapata mtu, na imeshapata: mwanamke aliyejifungua na kushikwa na kifafa cha mimba, kwa nusu saa, dada zake wawili wakiwa wamekaa kando yake. Sisemi mikanda ni mibaya. Bila hiyo, siku zile kumi Baba angekanyaga mguu, nina hakika. Kosa lilikuwa kwamba ilishika mahali pa mtu, na mimi nikaiacha ishike.

Basi ujue: ulipoandika nimfungue, sikumfungua. Nilimfungua siku sita baadaye, na si kwa sababu yako.

Nimeiambia redio sitakuwepo mpaka mwezi wa tisa. Wamempa eneo langu mwingine, na namsikia, anasoma haraka. Godoro la Baba nimelishusha sakafuni ili asiwe na pa kuangukia, na langu nimelitandika kati yake na mlango. Nakaa naye tangu anapoamka. Akitaka kuinuka namuuliza anakwenda wapi. Mara nyingi ni haja ndogo, kama Beryl alivyosema. Maji nachota akisinzia, mbio, na goti hili. Imeshakuwa siku kumi na moja. Hajakanyaga. Zimebaki tisa.

Kilichobaki kigumu ni saa kumi. Baruti zikilia, maelezo yote hayafai. Siku ya kwanza bila mikanda nilimlalia miguu, kweli, kama kipa anavyoulalia mpira uwanjani, na akanipiga kichwani kwa redio ya Sadock. Siku ya pili nilimwambia ukweli, kwamba ng'ombe hawapo, waliuzwa, baadhi waliibiwa, zizi ni tupu. Alilia. Sikuwahi kumwona Baba analia, na wewe pia hukuwahi. Siku ya tatu vikombe vilipotikisika na akashika ukuta ajiinue, nilimwambia, "Baba, ng'ombe wamerudi."

Akaniangalia. "Wametimia?"

"Wametimia."

"Umewahesabu?"

"Nimewahesabu. Sitini na wanne."

"Nani kawaleta?"

Nikasema, "Erasto."

Akarudisha kichwa kwenye mto. "Basi afunge lango," akasema, na akalala usingizi mpaka jioni.

Miaka ishirini na saba sijawahi kutangaza nisichokiona. Sasa natangaza kila siku saa kumi, habari ile ile, na msikilizaji ni mmoja. Lakini juzi aliuliza mbona Erasto haingii kumsalimia baba yake. Jana aliuliza tena. Nilisema ananawa miguu. Leo sijui nitasema nini, na ni saa nane na nusu sasa.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Sikuombi uje, najua mkataba wako unaisha Desemba. Sikuombi unisamehe wala uniunge mkono mbele ya Shangazi. Naomba upige simu saa kumi ya huku, ambayo kwako ni saa saba mchana, umwambie Baba ng'ombe umewafikisha na lango umelifunga. Mwambie kwa Kikurya, kwa sauti yako ya kawaida, usiongeze kitu. Kama hutaki kusema nami, usiseme nami. Nitapokea, nitaiweka sikioni mwake, na nitatoka nje mpaka mmalize.

Msalimie sana Dorka, mwambie kati ya zile khanga alizotuletea, Baba hujifunika moja, hataki blanketi. Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Kisyeri hajanituma salamu lakini maziwa yake nayahesabu kuwa salamu, nakupa nusu. Shangazi Tabitha ni mzima, nilimwona kwa mbali akipita barabarani. Mzee Sadock anasemekana yuko vizuri Busawe na anagombana na mkwewe.

Mungu akulinde barabarani na katika mashimo hayo marefu, akurudishe ukiwa na miguu yako yote miwili.

Simu yangu huwa ina chaji.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea,

Mokami Nyangwine